Hisabati ya Burudani (Kilosa na Mikumi)

Hisabati ya burudani ni hesabu inayopigwa kwa starehe tu, bila mtihani wala mauzo. Wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, kuanzia mji wenyewe ulio kando ya Mto Mkondoa na Reli ya Kati hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, sura yake iliyokomaa ni ileile inayoonekana kwenye vijiwe vya Tanzania nzima: bao.

Ubao una safu 4 za mashimo 8, na kila mchezaji humiliki safu 2. Kete ni 64. Mwanafunzi hupanga kete 2 kila shimo na kuanza. Hilo ni bao la kujifunza. Bao la Kiswahili ni gumu zaidi. Kila mmoja huweka kete 6 kwenye nyumba, shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia. Zinazobaki, 22, hukaa mkononi na kuingizwa mojamoja katika hatua ya namua. Zikiisha, huanza mtaji. Anayemalizwa kete za safu ya mbele amefungwa.

Ukianza zamu kwa kula kete 5 katika shimo la katikati, wachagua kuzitawanya kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, cha kushoto au cha kulia. Ukianzia kushoto, ya tano yaangukia nyumba. Ukianzia kulia, yaangukia shimo la jirani. Mkabala pakiwa na kete, unakula tena. Pasipo na cha kula, nyumba yako inakuruhusu kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuzichota na kuendelea), ilhali shimo la jirani, likiwa na kete, linakulazimu kuzichota na kuendelea. Bingwa huyaona haya yote kabla hajanyoosha mkono.

Katika mtaji, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula. Kanuni hii yaonekana ya kubuniwa tu mpaka ukumbuke kwamba mashimo yako ni 16: kete 16 zingezunguka upande wako wote, ya mwisho ikirudi ilikotoka. Alex de Voogt, aliyechunguza umahiri wa mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya Leiden ya 1995, alishiriki pia utafiti wa 2006 ulioonyesha kwamba kuna mipangilio ambayo mtawanyo wake haukomi kamwe.

Pasipo na ubao hubaki chemshabongo. Maarufu ni ya mtu anayevusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu pamoja naye, bila kumwacha mlaji na mlo wake peke yao. Huko Ulaya fumbo kama hilo, lenye mbwamwitu na kabichi, lilikwisha andikwa katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwanachuoni wa karne ya 8. Linahitaji safari 7, na wengi hukwama kwa kutofikiria kumrudisha mbuzi. Majibu ni mawili: mbuzi akishavushwa kwanza, chui na majani vyaweza kubadilishana zamu, maana havina ugomvi.