Waraka wa Katibu Mkuu na Bwawa la Pergau

Februari 1991, mjini London, Katibu Mkuu wa idara iliyosimamia misaada ya Uingereza alimwandikia waziri wake waraka. Sir Tim Lankester alikuwa akiongoza Overseas Development Administration, maarufu kwa kifupi ODA, na ndiye aliyekuwa Afisa Masuhuli wake, yaani mtu anayewajibika yeye binafsi mbele ya Bunge kwa kila fedha inayotoka katika fungu la idara. Alitakiwa aidhinishe fedha za bwawa la umeme kwenye mto Pergau, jimbo la Kelantan, kaskazini mwa Malaysia. Akakataa. Alieleza kwamba mradi ule ulikuwa matumizi mabaya ya fedha za misaada, na kama mawaziri bado wanautaka, basi wampe amri kwa maandishi.

Walimpa. Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, kwa ridhaa ya Waziri Mkuu John Major, aliamuru fedha zitoke. Lankester akatii kama mtumishi wa umma anavyopaswa kutii, mkataba ukatiwa saini Julai mwaka huohuo, na kazi ikaanza. Waraka na amri vikaingia kwenye jalada, wala Bunge halikuambiwa chochote.

Jalada lile ndilo lililokuja kuitikisa serikali. Historia ya mabunge kuzikagua idara za misaada imejaa hotuba nzito na ripoti nene zisizomgusa mtu, lakini kisa cha Pergau kina somo la namna ya pekee, kwa sababu kinaonyesha uwajibikaji unaanzia wapi hasa: kwa ofisa mmoja aliyekataa kuuweka upinzani wake katika maneno ya korido, akauandika, akautia saini.

Utaratibu aliousimamia Lankester ulikuwa wa zamani. Mwaka 1861 William Gladstone, akiwa Waziri wa Fedha, alilishawishi Bunge liunde Kamati ya Hesabu za Serikali. Miaka mitano baadaye ikapitishwa sheria iliyoanzisha cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na tangu hapo kila idara ikawa na mtu wa kuitwa kujibu hoja za ukaguzi. Anayejibu ni mtendaji, waziri haitwi. Kamati haiulizi kama sera ni njema au mbaya, inauliza fedha zimekwenda wapi na zimeleta nini. Mwenyekiti wake hutoka upande wa upinzani. Wasomaji wa Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi wataona mambo wanayoyafahamu, maana mabunge yetu yalirithi mpango huo pamoja na majina ya vyeo vyake.

Uzuri wa mpango haukutosha kuzuia hasara, na Watanganyika walishuhudia hilo mapema. Mradi wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukaenea hadi Urambo na Nachingwea, uliendeshwa kwa fedha za walipa kodi wa Uingereza chini ya Wizara ya Chakula ya waziri John Strachey. Matrekta yalivunjika kwenye vichaka na visiki, mvua haikuja ilivyotarajiwa, ardhi ya Kongwa ikakauka na kuwa ngumu kiasi kwamba karanga zenyewe hazikung'oleka. Hesabu za shirika lililoendesha mradi zilipofika Bungeni mwaka 1949, zilikuja na angalizo la wakaguzi kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Wabunge wa upinzani walimbana Strachey mpaka usiku. Lakini matrekta yalikuwa yameshanunuliwa, na Januari 1951 serikali ilitangaza kuufuta mradi kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Bunge lilikuwa na haki ya kuuliza tangu siku ya kwanza. Halikuwa na karatasi ya kuliambia liulize nini.

Pergau ilikuwa tofauti, kwa kuwa karatasi ilikuwepo. Ili kuelewa kwa nini Lankester aliiandika, lazima turudi Machi 1988. Mwezi huo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, George Younger, alitia saini Kuala Lumpur itifaki ya kuiuzia Malaysia silaha. Ndani yake kulikuwa na kipengele kilichofungamanisha mauzo hayo na misaada: Uingereza ingetoa msaada wa kiraia wenye thamani ya asilimia 20 ya silaha zitakazonunuliwa. Wenzake serikalini walipogundua, walishtuka, kwa kuwa sera ya Uingereza ilikataza kabisa kutumia msaada kama nyongeza ya biashara ya silaha. Juni mwaka huo ziliandikwa barua mbili kwa serikali ya Malaysia. Ya kwanza ilisema uhusiano huo hauwezekani. Ya pili, kutoka kwa Balozi wa Uingereza, iliahidi misaada ya hadi pauni milioni 200, kiasi kinacholingana na kile kilichokuwa kimeahidiwa kwenye itifaki. Septemba, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Margaret Thatcher, na mwenzake wa Malaysia, Dk. Mahathir Mohamad, wakatia saini makubaliano ya silaha yaliyozidi pauni bilioni 1.

Kampuni za Uingereza hazikulala. Balfour Beatty na Cementation zilipeleka pendekezo la kujenga bwawa la Pergau kwa pauni milioni 316. Machi 1989 Thatcher alimpa Mahathir ahadi ya msaada kwa ajili ya mradi huo. Wiki mbili tu baadaye, wakandarasi wakasema gharama ni pauni milioni 397. Ahadi ya Waziri Mkuu ilikuwa imeshatoka kinywani, na kuirudisha kungemvunjia heshima mbele ya mgeni wake. Hapo ndipo uamuzi wa kiuchumi ulipogeuka kuwa suala la kulinda hadhi, na kila aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya serikali anajua uamuzi wa aina hiyo ulivyo mgumu kuutengua.

Wachumi wa ODA walikaa na takwimu. Malaysia ilikuwa na gesi ya kutosha, na mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi ingekuwa nafuu zaidi kwa miaka mingi. Walihitimisha kwamba bwawa lingewabebesha watumiaji wa umeme wa Malaysia zaidi ya pauni milioni 100 za ziada katika uhai wake. Huu ulikuwa mradi uliobatizwa jina la msaada, huku ukimwongezea gharama mtu aliyedaiwa kusaidiwa. Na fungu lenyewe lilikuwa kubwa mno: pauni milioni 234, nyingi kuliko zote zilizowahi kutolewa na idara hiyo kwa mradi mmoja, zikienda kwa nchi ambayo uchumi wake ulikuwa unakua kwa kasi, wakati nchi maskini zaidi zilikuwa zikigombea fungu lilelile.

Baada ya amri ya Hurd, miaka miwili na nusu ilipita. Wakaguzi wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, chini ya Sir John Bourn, ndio waliofika kwenye jalada wakiwa katika kazi yao ya kawaida. Ripoti yao ilitoka Oktoba 1993, ikiwa imeandikwa kwa lugha baridi ya kikaguzi, na yeyote aliyeisoma kwa makini aliona kwamba Katibu Mkuu alikuwa ameelekezwa kulipa kinyume na ushauri wake. Januari 1994 Kamati ya Hesabu, chini ya Robert Sheldon wa chama cha Labour, ikamwita Lankester.

Alipoulizwa, alisema wazi kwamba aliupinga mradi na kwamba alilipa kwa kuamriwa. Hakuwa msaliti, wala hakuvujisha siri gizani. Alijibu swali aliloulizwa na chombo chenye haki ya kumuuliza, na alikuwa na cha kujibu kwa sababu miaka mitatu nyuma alikuwa ameandika. Bila waraka ule, kiti moto kingekuwa chake peke yake: yeye ndiye aliyelipa, yeye ndiye angeeleza kwa nini alitupa pauni milioni 234. Kwa waraka, swali lilihama mezani kwake likaenda kwa mawaziri.

Magazeti yakalidaka. Gazeti la Sunday Times liliandika madai ya rushwa kuhusu mikataba nchini Malaysia, na serikali ya Mahathir, kwa hasira, ikazipiga marufuku kampuni za Uingereza kupata zabuni za serikali, marufuku iliyodumu tangu Februari hadi Septemba 1994. Kamati ya Hesabu ilitoa ripoti yake Machi. Kamati ya Mambo ya Nje nayo ikafanya uchunguzi wake, ikamhoji Hurd, na Julai ikaeleza jinsi silaha na misaada vilivyofungwa kamba moja. Maofisa waliokuwa wamezoea kuulizwa maswali ya adabu walijikuta wakieleza maana ya barua mbili zilizoandikwa kwa wakati mmoja.

Ripoti peke yake isingetosha. Shirika la kiraia la World Development Movement lilichukua yaliyofichuliwa na kamati likaenda nayo Mahakama Kuu. Novemba 10, 1994 Jaji Rose na mwenzake waliamua kwamba Hurd alikuwa amevunja sheria. Sheria ya misaada ya mwaka 1980 ilimruhusu waziri kutoa fedha kwa ajili ya kuendeleza uchumi wa nchi nyingine au ustawi wa watu wake, na majaji waliona mradi usio na mantiki ya kiuchumi hauwezi kuitwa maendeleo kwa sababu tu waziri amependa kuuita hivyo. Ushahidi uliotolewa kwenye kamati za Bunge ulikuwa sehemu ya msingi wa kesi. Bunge lilikuwa limefungua jalada, mahakama ikalisoma kwa jicho la sheria.

Malaysia ililipwa hata hivyo. Serikali ya Uingereza iliamua kuheshimu mkataba kwa fedha za nje ya bajeti ya misaada, na bwawa likamalizika. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma, kwa sababu katika meza zote zile, ya wakaguzi, ya wabunge na ya majaji, mlipa bili ya umeme wa Malaysia alitajwa kwenye takwimu bila kuulizwa lolote.

Mabadiliko yalikuja polepole. Chama cha Labour kilipoingia madarakani mwaka 1997, ODA ikawa wizara kamili, DFID, chini ya Clare Short, na mpango wa kuchanganya misaada na biashara uliozaa Pergau ukafutwa. Sheria ya mwaka 2002 ikaweka lengo la kupunguza umaskini kuwa sharti la msaada wa maendeleo. Sharti hilo lina mizizi yake kwenye hukumu ya 1994.

Kwa Watanzania, mwendelezo wa habari hii una jina fupi: rada. Mwaka 2001 serikali ya Tony Blair iliruhusu kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada ya kuongozea ndege kwa pauni milioni 28, muda mfupi baada ya Tanzania kupata msamaha wa madeni. Clare Short alipinga ndani ya baraza la mawaziri, akashindwa. Desemba 2010, mahakama ya Southwark iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu mauzo hayo. Makubaliano yalikuwa kwamba iwalipe wananchi wa Tanzania pauni milioni 30, faini ikitolewa humo, yaani pauni milioni 29.5. Miezi ikapita, fedha hazikufika. Kampuni ilikuwa na mawazo yake ya namna ya kuzigawa.

Safari hii waliopaswa kulipwa hawakukaa nje ya mlango. Katikati ya mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wa Tanzania, ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai, ulikwenda London kudai. Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ya Bunge la Uingereza, chini ya Malcolm Bruce, iliwaita wakuu wa kampuni ikawahoji kuhusu ucheleweshaji, na ripoti yake ikaukemea hadharani. Machi 2012 fedha zililipwa. Zilinunua vitabu vya shule za msingi takriban 16,000 za nchi nzima, na madawati. Ukilinganisha na Pergau, tofauti kubwa naiona hapo: wabunge wa nchi mbili walisukuma gari moja.

DFID haipo tena. Septemba 2020 iliunganishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na kulikuwa na tishio kwamba Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ingezikwa nayo. Wabunge waliipigania, ikabaki. Kazi yake leo ni ngumu zaidi kuliko ya Sheldon, kwa kuwa fungu la misaada limetawanyika katika wizara nyingi. Mwaka 2022 asilimia 29 ya misaada ya Uingereza, yaani pauni bilioni 3.7, ilitumika ndani ya Uingereza kwenyewe kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, sehemu kubwa ikipitia Wizara ya Mambo ya Ndani na kuishia kwenye bili za hoteli. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza kuhesabiwa hivyo. Machi 2023 kamati hiyo ilitoa ripoti, ikahoji kama wizara hiyo ilikuwa na motisha yoyote ya kubana gharama wakati bili ilikuwa inalipwa kwa fungu lililotengwa kwa ajili ya maskini wa nchi nyingine.