Maandalizi ya Walimu wa Wanafunzi Wanaojifunza Kiingereza (Marekani)

Ni sehemu ya mafunzo ya ualimu nchini Marekani inayomwandaa mwalimu wa somo lolote kuwafundisha watoto ambao nyumbani huzungumza lugha nyingine, kwa kuanzia kwenye mila na ujuzi waliokuja nao.

Msingi wake wa kisheria ni kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haitoshi kuwapa watoto wa Kichina wa San Francisco vitabu na walimu walewale wa wenzao ikiwa hawaelewi lugha inayofundishiwa. Namna ya kuwaandaa walimu haikutajwa. Jimbo la Florida lilipanga saa: kwa makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1990, anayewafundisha Kiingereza watoto wanaojifunza lugha hiyo hupata saa 300 za mafunzo, wa hisabati, sayansi au maarifa ya jamii saa 60, na wa masomo mengine 18. Saa 60 ni chache mno, kwani swali la hesabu la mafumbo nalo husomwa kwa Kiingereza.

Kuhusu utamaduni, maandishi ya Gloria Ladson-Billings (1995) na Geneva Gay (2000) husomwa sana vyuoni. Lakini funzo la wazi zaidi lilitoka Tucson, Arizona, katika utafiti wa Luis Moll na wenzake uliochapishwa mwaka 1992. Walimu walikwenda majumbani kwa familia zenye asili ya Meksiko, na hawakwenda kushtaki utovu wa nidhamu, walikwenda kujifunza. Mwalimu mmoja aligundua kuwa mwanafunzi wake huuza peremende za Meksiko mtaani. Akatunga somo zima juu ya peremende: watoto wakalinganisha viungo vilivyomo, na mzazi mmoja akaja darasani kuonyesha zinavyopikwa.

Maandalizi haya yanawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, maana wakimbizi wengi wa Kongo waliohamishiwa Marekani huzungumza lugha hiyo. Mtoto aliyezoea kuhesabu saa tangu jua linapochomoza ataiita saa mbili asubuhi ile ambayo darasani ni saa nane. Mwalimu asiyejua ataweka alama ya kosa. Aliyeandaliwa atamwita mtoto ubaoni awaeleze wenzake hesabu hiyo, kisha wote waongeze sita.