Madaftari mawili ya Uvira

Kwenye Hospitali Kuu ya Uvira, kila mgonjwa anayefikishwa kwenye kituo cha kutibu kolera anaandikwa kwenye daftari: siku aliyofika, umri wake, kata anayotoka. Kwenye kiwanda cha REGIDESO, karibu na mto Mulongwe, wafanyakazi nao wana daftari lao: leo mita ngapi za ujazo za maji zimetumwa mjini. Kwa miaka mingi kila daftari lilikaa kwake. Aliyesoma moja hakusoma lingine. Na mama wa Kalundu anayepandisha bidoni kutoka ziwani hakusoma hata moja, ingawa habari iliyoandikwa mle ilikuwa habari ya nyumba yake.

Kolera si mgeni hapa. Wimbi la saba la ugonjwa huo ulimwenguni lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likaingia kwenye pwani za Ziwa Tanganyika. Halijaondoka tangu hapo. Mahali pengine kolera inakuja, inaua, inaisha. Uvira inashuka na kupanda tu, na wazee wengi waliizoea kama wanavyozoea masika.

Madaftari yale mawili yalikutanishwa na watafiti, akiwemo Aurélie Jeandron wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Walichukua hesabu za wagonjwa za kila siku, kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya hesabu za maji za siku zilezile. Matokeo yalitoka mwaka 2015 kwenye jarida ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti bila kulipa. Siku moja ambayo bomba halikutoa maji kabisa, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri, ilifuatwa na siku 12 ambamo wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa jumla, asilimia 23 hivi ya waliolazwa miaka ile iliunganishwa na upungufu wa maji ya bomba. Karibu mtu mmoja kati ya wanne.

Watu wa Uvira hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia kwamba maji ya ziwa yanaharisha. Lakini kusema na kuonyesha ni mambo mawili. Mwenye mji akilalamika kwamba robine zimekauka, anajibiwa kwamba umeme wa Ruzizi umekatika, au mvua imeleta matope, avumilie. Mwenye karatasi inayosema kukauka kwa siku moja kunaleta wagonjwa wangapi anasikilizwa kwa sikio lingine, hasa na wale wenye pesa za kutengeneza mabomba.

Kuna jambo moja ndani ya utafiti ule ambalo halisemwi sana. Kata zinazotumia maji ya bomba kwa wingi zilikuwa na wagonjwa wachache kuliko nyingine, lakini ndizo zilizoumizwa zaidi maji yalipokatika: kwao ongezeko lilipita mara tatu na nusu. Si ajabu. Asiyekuwa na robine haoni tofauti robine ikikauka. Yeye yuko ziwani kila siku. Hapo ndipo hesabu inapoweza kudanganya. Ukiisoma haraka, utasema maji yapelekwe kwa wenye robine tayari, kumbe mwenye shida ya kila siku ni yule ambaye bomba halijamfikia.

Njia hii ya kukutanisha orodha mbili ni ya zamani. London, mwaka 1854, kolera ililipuka kwenye mtaa wa Broad Street. Ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo, alimofanya kazi William Farr, ilikuwa na desturi ya kutangaza kila wiki hesabu ya waliokufa na chanzo cha vifo. Daktari John Snow alikwenda kwenye ofisi hiyo akaomba orodha ya waliokufa kwa kolera, akakuta vifo 83 katika siku tatu tu, vingi karibu na pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uling'olewa. Snow anasifiwa sana, na anastahili, ila bila ofisi iliyokubali kufungua daftari lake angebaki na dhana yake tu.

Kwetu Kongo, jaribio kubwa la kufungua hesabu lilikuja na Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika hata Mwenga, hapa Kivu Kusini, Agosti 2019. Wizara ya Afya ilikuwa ikitoa taarifa karibu kila siku, zoni ya afya moja moja: wagonjwa wapya, waliokufa, waliopona. Redio zilizisoma. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3.470 na vifo 2.287. Uvumi haukuisha kwa sababu ya taarifa zile, na vituo vya matibabu vilishambuliwa hata hivyo. Lakini mwandishi aliyeulizwa na msikilizaji alikuwa na kitu cha kujibu.

Mwezi wa Aprili mwaka uleule wa 2020, Mulongwe ulifurika. Nyumba zilikwenda, watu walikufa, maelfu wakabaki bila pa kulala, na mitambo ya maji ikaharibika. Kati ya Julai na Oktoba watu walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Wengi walipata dozi moja tu. Miaka michache baadaye kundi la watafiti, akiwemo daktari Espoir Bwenge Malembaka, lilichunguza wagonjwa wa kolera wa Uvira. Likapata kwamba dozi moja ilipunguza kolera kwa asilimia 53 hivi baada ya mwaka mmoja na kidogo, na bado asilimia 45 hivi katika mwaka wa tatu. Aliyekunywa mara moja akahama anaweza kulala na jibu hilo.

Sheria haiko upande wa siri. Ibara ya 24 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Sheria ya numeriki ya Machi 2023, kwa upande wake, inalinda habari za mtu binafsi, na jambo hili linagusa wakimbizi wa ndani kuliko wengine. Kambini au kwenye shule walimolala watu, ukitaja safu ya mahema yenye wagonjwa wawili, kila mtu anajua ni akina nani. Kesho yake watoto wao wanafukuzwa kwenye foleni ya maji. Hesabu itangazwe kwa eneo la afya na kwa wiki. Jina, hema na kabila vibaki kwa muuguzi.

Na hesabu ya wagonjwa peke yake inafika imechelewa, mtu ameshaugua. Inayofaa familia zaidi ni ile ya daftari la pili, la maji. Anayesikia redioni alfajiri kwamba pampu zimesimama tangu usiku anatafuta dawa ya kutibu maji kabla watoto hawajateremka ziwani na bidoni.