Je, pikipiki ya majini ni meli?

Wasomaji wangu, leo naomba tuipumzishe siasa kidogo. Wiki hii nimekuwa nikisoma hukumu za zamani za mahakama za Uingereza (msinicheke, wengine wanasoma riwaya, mimi nasoma hukumu), nikakutana na swali lililonifanya nicheke peke yangu. Pikipiki ya majini, ile wengi tunayoiita jet ski, ni meli au si meli? Nilipomaliza kusoma kicheko kilikuwa kimeniisha, maana ndani ya swali hilo kuna watu walioumia.

Tuanzie mbali. Mwaka 1893 katika mji wa Southport kulikuwa na boti ya umeme iliyokuwa ikizungusha watu kwenye ziwa la kuchimbwa, lenye urefu wa nusu maili tu. Mwenye boti alishtakiwa kwamba hana cheti kinachotakiwa kwa meli za abiria. Mahakama ikasema kuzungukazunguka kwenye kijiziwa kama kile hakuwezi kuitwa safari ya chombo, kwa hiyo boti ile haikuwa meli mbele ya sheria. Kesi ikaishia hapo, na nadhani wengi waliona ni jambo dogo tu.

Karibu miaka 80 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Kawasaki ikaanza kuuza pikipiki za majini. Sheria ya meli ilikuwa imeandikwa kabla hajazaliwa mtu wa kuziwaza.

Mwaka 1992 suala likamfikia Jaji Sheen. Mtu mmoja aliumia pale pikipiki yake ya majini ilipogongana na boti ya mwendo kasi, akachelewa kufungua madai. Sheria ya ajali za vyombo vya majini ilitoa miaka 2 tu. Sheria ya kawaida ya watu walioumia ilitoa 3. Jaji akasema chombo cha majini kwa kawaida kina tumbo la kubebea watu au mizigo, na husafiri kutoka mahali hadi mahali. Pikipiki hii unaipanda tu, kisha unacheza. Basi si meli, na ile miaka 2 haimhusu. Majeruhi akaokolewa na tafsiri ya neno moja.

Sasa angalieni neno hilohilo lilivyogeuka. Mwaka 2004, katika ghuba ya Weymouth, dereva mmoja alikuja kwa kasi akagonga pikipiki nyingine ya majini iliyokuwa imesimama. Aliyekuwa juu yake akaumia vibaya. Dereva akashtakiwa kwa kifungu cha 58 cha sheria ya meli ya mwaka 1995, kile kinachomwadhibu nahodha anayehatarisha maisha ya watu, akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Desemba 2005 Mahakama ya Rufaa, chini ya Jaji Mkuu Lord Phillips, ikaifuta hatia hiyo. Hoja ilikuwa ileile: kukimbia huku na huko juu ya maji si safari, na kitu kile si meli ya kwenda baharini. Kama si meli, nahodha anatoka wapi?

Sidhani majaji walikosea. Walisoma kilichoandikwa. Waliochelewa ni waandishi wa sheria.

Mwaka huohuo wa 2005, kwenye ziwa Windermere, ilianza kutumika sheria ndogo ya kuzuia mwendo wowote unaozidi maili 10 za baharini kwa saa. Haikuuliza hiki ni meli au si meli, iliangalia mwendo. Mchezo wa kuvutwa na boti ukiteleza juu ya ski, ambao unahitaji kasi zaidi ya hiyo, ukafikia kikomo pale. Wapenzi wa mchezo waliumia sana roho. Lakini hata palipobaki ruhusa, bandari kadhaa zinadai awepo mtu wa pili ndani ya boti wa kumtazama anayevutwa. Dereva ana macho mawili na yote yanatakiwa mbele.

Agosti 2020, kwenye mlangobahari wa Menai kule Wales, boti ya mpira iligongana na pikipiki ya majini. Mama mmoja aliyekuwa kwenye boti akafariki. Ndipo Machi 31, 2023 ikaanza kutumika amri mpya inayozibana pikipiki hizi kwa sheria za meli: kuangalia mbele, kwenda mwendo salama, kufuata kanuni za kuepuka migongano. Anayehatarisha wenzake anaweza kufungwa hadi miaka 2. Kutoka hukumu ya Weymouth hadi hapo, hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 17.

Kwa nini nawaletea haya? Kwa sababu Tanzania na Kenya zilirithi mfumo huo wa sheria, na hukumu za kule bado zinasomwa na mawakili wetu. Na pikipiki hizi zimeshafika fukwe zetu, nendeni Nyali mkaone. Kiswahili chetu kina bahati: "chombo" ni mtumbwi, ni jahazi, ni meli. Lakini mahakamani atakayeulizwa si mvuvi wa Bamburi, ni karatasi. Afadhali karatasi hiyo isomwe leo, kabla mtoto hajagongwa akiogelea.

Mnasemaje, wadau?