Nyumba, Chumba na Jumba: Habari za Kupima Thamani ya Makao katika Morogoro na Uluguru

Maneno nyumba, chumba na jumba ni ndugu wa tumbo moja. Shina lao ni moja, nalo laonekana katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili kimelitia shina hilo katika ngeli mbalimbali, kikapata makao ya kadiri, makao madogo na makao makubwa. Lakini chumba hakikubaki kuwa nyumba ndogo tu, bali kimekuwa sehemu ya ndani ya nyumba. Na jumba, hasa katika wingi wake, limekuwa neno la fahari na, kama tutakavyoona, neno la serikali. Basi mtu achaguapo mojawapo ya maneno haya huwa amekwisha kuyapima makao anayoyataja. Makala haya yataka kueleza jinsi upimaji huo ulivyofanywa katika mji wa Morogoro na milima ya Uluguru tangu karne ya 19: nani aliyepima, kwa kipimo gani, na mtu aliyehama aliacha nini kisichoingia katika hesabu.

Mji uliotangulia Morogoro uliitwa Simbamwene, nao ulikuwa katika bonde la mto Ngerengere. Mwanzilishi wake alikuwa Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua, aliyejikusanyia watu waliokimbia kwao akawa tishio kwa majirani. Burton alipopita nchi hiyo mwaka 1857 alizisikia sifa zake, wala hazikuwa sifa njema. Jina la mji lastahili kutazamwa kidogo. Mwene ni neno la utawala na la umiliki katika lugha nyingi za Kibantu, na ndilo mwenye la Kiswahili, lile tunalolisikia kila mwisho wa mwezi katika mwenye nyumba.

Mnamo Aprili 1871 Stanley alifika hapo akielekea Ujiji. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na mji ulikuwa mikononi mwa binti yake. Stanley alikisia kuwa nyumba zilipata 1,000 na watu kati ya 3,000 na 5,000. Alieleza ukuta ulioizunguka ngome, minara ya mawe katika pembe zake nne, na malango manne yenye milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa mtindo wa Waarabu. Nyumba za raia alizisifu kuwa ni za Kiafrika za namna iliyo bora, kisha akazipita upesi. Jicho lake lilitua juu ya mawe, juu ya nakshi, na juu ya nyumba ya mtawala iliyofuata ujenzi wa pwani, yenye paa refu na baraza mbele. Hii ni miongoni mwa hukumu za kwanza zilizoandikwa kuhusu ubora wa nyumba katika nchi hii, na kipimo chake ni dhahiri: nyumba njema ni ile ifananayo na nyumba ya pwani. Kiambaza cha miti na udongo, ambacho ndicho kilichowalaza watu wale maelfu, hakikupewa hata sentensi yake.

Mwaka uliofuata Stanley alirudi kwa njia ile ile. Dhoruba ya Aprili 1872, ile iliyoipiga Unguja vibaya sana, ilikuwa imejaza mito ya bara. Mto ulikuwa umeuchukua ukuta wote wa upande wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50, na mtawala alikuwa amekimbia. Vijiji vya Waluguru mitelemkoni navyo viliharibika, na watu walikufa. Kwa hiyo haifai kusema kuwa mlima uliokoka na bonde likaangamia. Tofauti ilikuwa katika kujenga upya. Nyumba ya miti na nyasi husimamishwa tena na jamaa katika kiangazi kimoja; ngome ya mawe ilihitaji mafundi, watumwa na mtawala wa kuwaamrisha, na hivyo vyote vilikuwa vimetawanyika. Simbamwene haikuirudia tena fahari yake.

Sasa tupande mlimani. Nyumba ya zamani ya Uluguru ilikuwa msonge, yaani ya duara na yenye paa la nyasi lililochongoka; nyumba ya pembe nne yenye mwamba na kombamoyo ilienea baadaye. Mwenye kutaka kujenga mtelemkoni alianza kwa kuchimba: alikata ubavu wa mlima, akasawazisha kiwanja kidogo, udongo akautupa upande wa chini. Hapo ndipo ubora wa nyumba ulipoamuliwa, kabla ya nguzo hata moja kusimama. Je, maji ya masika yatapita wapi? Je, udongo uliotupwa utashikilia? Je, upepo utaingia kwa upande wa mlango? Baada ya hayo ndipo yalipofuata mambo ya miti isiyoliwa na mchwa, fito zilizofungwa imara, na mkandiko usiopasuka. Kiswahili kina msamiati mwingi wa sehemu za nyumba, tangu kizingiti na miimo hadi pao na kipaa, lakini kwa ile kazi ya kwanza ya kukichagua na kukikata kiwanja katika mtelemko hakina neno moja mahsusi. Si ajabu, kwa kuwa lugha yetu ilikulia katika nchi tambarare, nayo yahesabu nyumba kuanzia ukuta kwenda juu.

Chini ya kiwanja kulikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni ardhi yenyewe. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ukoo huo, lukolo kwa lugha yao, ndio uliokuwa na ardhi. Young na Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru, wameeleza utaratibu huu kwa kirefu. Mtu aliweza kulima katika ardhi ya ukoo wa baba yake muda wa maisha yake, lakini akifa ardhi ilirudi kwa wenyewe. Mgeni aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, malipo ya kukiri kuwa ardhi ina wenyewe. Ngoto haikuwa bei, wala haikuwa kodi kwa maana tuliyoizoea. Ilikuwa ni namna ya kusema, mwaka hata mwaka, kwamba mimi si mwenyeji hapa. Kwa sababu hiyo miti ya kudumu ilitazamwa kwa wasiwasi. Apandaye mnazi au mchungwa husema kwa vitendo kwamba hana nia ya kuondoka. Van Donge, aliyechunguza magomvi ya ardhi huko Mgeta na kuyaandika mwaka 1993, aonyesha jinsi haki hizo zilivyokuwa hazina mipaka iliyokatwa, bali zikibishaniwa kila mara mbele ya watu.

Basi mtu wa mlimani alikuwa na nyumba yake bila ya kuwa na ardhi yake. Wenyewe hawakuona mgongano wowote katika jambo hili. Nyumba ilikuwa kama nguo, na ardhi kama mwili. Ghasia za mwaka 1955, hasa upande wa Matombo, wakati serikali ya Waingereza ilipolazimisha matuta ya ngazi, zimekwisha kuelezwa na wengi kuwa ni siasa ya kudai uhuru au ni uchovu wa kazi ngumu. Yote mawili ni kweli. Lakini naona pia kwamba kuigeuza sura ya ardhi ya ukoo kwa amri ya mtu asiye wa ukoo ni jambo ambalo nyumba elfu zikibomolewa lisingelingana nalo.

Serikali zenyewe zilikuwa zimeanza kuhesabu kwa upande mwingine, yaani upande wa paa. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na nyumba ya shamba ikatozwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza kila paa la Uluguru likawa na tarakimu. Neno kodi lenyewe lina ukungu ambao haujatoweka: ni fedha anayotozwa raia na serikali, na ni fedha anayotozwa mpangaji na mwenye nyumba. Wanasheria hujitahidi kuzitenga maana hizi kwa kusema kodi ya pango. Mitaani watu husema kodi tu, na hueleweka.

Reli ya kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 mji mpya ulikwisha kupata mhimili wake, na ikaja nyumba ambayo wataalamu wa miji huiita nyumba ya Kiswahili: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Nyumba hii haipimwi kwa uzuri wake, bali kwa idadi ya milango inayoweza kufungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha. Chumba, ambacho asili yake ni nyumba ndogo, kikarudia maana yake ya kwanza: familia nzima hukaa humo, na huo ndio mji wao. Mpangaji anayehama hudaiwa kodi ya miezi kadhaa mbele, pengine ya mwaka mzima. Na zamani za uhaba wa nyumba palikuwa na kilemba pia, kitambaa cha kichwani kilichogeuka kuwa zawadi ya fundi, kisha kuwa rushwa ya ufunguo. Anayejua taabu ya kufunga godoro na masufuria juu ya mkokoteni huku mvua inatanda juu ya kilele cha Bondwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Mnamo Aprili 1971 thamani ya nyumba iligeuka kuwa hukumu. Sheria ya mwaka huo ilitwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambayo mwenyewe hakuyakalia, na yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hayakulipiwa kitu. Chini ya kiwango hicho mtu alibaki na mali yake. Juu yake aliipoteza. Ofisi iliyoyapokea iliitwa Msajili wa Majumba, na hapa uchaguzi wa ngeli ulikuwa wa siasa: kilichotwaliwa kilikuwa ukubwa, yaani jumba la bepari, wala si nyumba ya mwananchi. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na majumba yakawa nyumba tena.

Limebaki jambo la fidia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, na mtu aliyeondolewa alilipwa kwa yale aliyoyajenga na kuyapanda. Ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, na kwamba fidia ya haki haikomei kwenye majengo na mazao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakiri kuwa maslahi katika ardhi yana thamani, ikaamuru fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kisha kanuni za mwaka 2001 zikafanya jambo ambalo kwa mwanaisimu ni la ajabu: zilizitia taabu za kuhama katika tarakimu. Mwenye kuondolewa hulipwa kodi ya miezi 36 kwa ajili ya makazi, gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya usumbufu inayokokotolewa kwa riba ya benki.

Tuyatazame maneno. Fidia katika Kiarabu ni kikombozi, kile kitolewacho ili mateka aachiliwe. Posho ilikuwa chakula cha wapagazi wa misafara, ile ile iliyopita Simbamwene. Thamani yatoka katika neno ambalo kwa Waarabu ni bei, lakini kwetu limepanda daraja likawa kile ambacho bei hujaribu kukifikia. Na tani 12? Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 na kitu. Kwa hesabu hiyo sheria humpa kila mwenye nyumba msafara wa wapagazi wapatao 400, zaidi ya maradufu ya wale aliokuwa nao Stanley mwaka 1871. Katika vijito vya juu vya Uluguru, ambako lori halifiki na mzigo hushuka kichwani kwa njia ya mguu, hesabu hii yaweza kuwa ya maana kuliko watungaji walivyodhania.

Lakini tatizo gumu si mizigo. Sheria ya zamani, kwa kutoilipia ardhi, iliidhulumu lukolo, ila haikuigusa tofauti iliyokuwapo kati ya mwenye nyumba na wenye ardhi. Sheria ya sasa huilipia ardhi, na kwa kawaida hulipa kwa jina la mtu anayeonekana juu yake. Mtu aliyejenga katika ardhi ya ukoo wa baba yake, ambayo kwa mila ingerudi siku ya kufa kwake, aweza kupokea kwa hundi moja thamani ya matofali aliyoyachoma mwenyewe na thamani ya udongo ambao hakupewa kamwe. Wajomba wa ukoo huo watamjia. Watakapomjia, watakuwa na haki katika Kiluguru; katika Kiswahili cha hati, neno mmiliki litakuwa limekwisha kuandikwa, tena katika umoja.