Mtoto aliyepona moyo naye huweza kunenepa kupita kiasi

MZAZI aliyehangaika kwa miezi kadhaa kumnyonyesha mtoto mwenye tundu kwenye moyo hawezi kulaumiwa akifurahi kumwona amenona baada ya upasuaji. Hata hivyo, nyuma ya furaha hiyo ipo hatari isiyozungumzwa sana, nayo ni unene uliokithiri.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanane hadi kumi hivi huwa na hitilafu ya moyo au ya mishipa yake mikuu. Wengi wenye hitilafu kubwa huanza maisha wakiwa wamekonda. Mtoto huchoka anaponyonya, hutokwa jasho na kuhema, huku mwili wake ukitumia nguvu nyingi kuliko wa mwenzake. Ndiyo maana familia hushauriwa kumwongezea chakula chenye nguvu, kwa mfano uji uliotiwa mafuta au karanga.

Upasuaji ukifanikiwa, mahitaji hayo hushuka, lakini sahani hubaki ileile. Zaidi ya hapo, mtoto hukatazwa kukimbia, hubebwa kwenda shule na hutulizwa kwa soda na biskuti. Katika utafiti uliofanyika Boston na Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, zaidi ya robo ya watoto wenye matatizo ya moyo walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Kwa moyo uliokwishashonwa, mzigo huo si mdogo. Unene hupandisha shinikizo la damu, huleta kisukari, na hufanya usingizi wa dawa kuwa wa hatari zaidi iwapo upasuaji mwingine utahitajika.

Nchini Tanzania upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Kwa familia ya Bonga, kata iliyopo mjini Babati kando ya barabara ya kwenda Kondoa, taasisi hiyo ya Dar es Salaam ipo umbali wa zaidi ya kilomita 600. Mtoto hawezi kupelekwa huko kila mwezi kupimwa uzito tu. Hapo ndipo kliniki ya karibu inapokuwa na thamani. Lakini kadi ya kliniki hufuatilia ukuaji hadi miaka mitano. Baada ya hapo, watoto wengi hawapandi tena kwenye mizani mpaka waugue.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Wengi waliozibwa matundu madogo wanaweza kucheza kama wenzao. Wapo wanaowekewa mipaka, hasa wenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, lakini mipaka hiyo huwekwa na daktari, si na bibi wala mwalimu. Mzazi aulize waziwazi kabla ya kuondoka hospitali: mtoto acheze mpira au asicheze? Kwa dakika ngapi?

Jambo moja lisichanganywe na unene. Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku chache, miguu au uso ukavimba na mtoto akahema akilala, hayo huenda ni maji yanayojikusanya kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.