Asili ya Kigari cha Plastiki
Atafutaye gari la kweli lililoigwa na kigari cha plastiki cha kuunganisha hana budi kujihadhari na picha ya sandukuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tommy Ivo wa Marekani, mwigizaji wa filamu, aliunda Showboat kwa mbio za robo maili. Lilikuwa na injini nne za Buick, mbili mbili ubavu kwa ubavu, zikisukuma magurudumu yote manne. Moshi wa matairi ulilizinga pande zote. Revell ililiiga likiwa tupu, injini nje. Gari lenyewe, hata hivyo, lilivikwa bodi baadaye likaitwa Wagon Master. Aliyeshika kigari mkononi angelipita asilijue, mpaka ainame kuhesabu injini.